Mlango wa Sitara

Saa kumi na moja jioni, jua likianza kupoa juu ya mabati ya Changanyikeni, paka wangu hupanda dirishani. Hukaa kati ya pazia na nondo, akinusa wavu wa mbu na kuwatazama kuku wa jirani. Mtu akibisha hodi tu, humwoni tena. Yuko uvunguni, nyuma ya begi la nguo, na hatoki mpaka mgeni aage.

Nilimwita Sitara kwa sababu ya kujificha huko. Ana miezi minane kwangu na hajawahi kukanyaga mchanga wa uani.

Juzi mama mwenye nyumba alisimama mlangoni akamwona akichungulia. Akatikisa kichwa. "Mwanangu, kiumbe wa Mungu unamfungia ndani hivyo? Utaulizwa."

Nilijua anachokusudia. Nimekulia Tanga, na hadithi ya Mtume kuhusu yule mwanamke nimeisikia tangu chuoni: aliingia motoni kwa ajili ya paka aliyemfungia, hakumlisha wala hakumwachia ajitafutie riziki ardhini. Usiku ule, badala ya kuandika tasnifu, nilijitetea kimoyomoyo. Mwanamke yule alikuwa na makosa mawili kwa pamoja. Mimi Sitara namlisha, dagaa na wali kila siku. Kwa hiyo nimesalimika? Labda. Lakini utetezi wangu ulinifikisha mahali nisipopapenda: nilikuwa nimethibitisha tu kwamba mfungwa wangu anashiba.

Hofu yangu si ya kubuni. Mwezi wa pili, paka wa rangi ya chungwa wa nyumba ya tatu alikula panya aliyekula sumu. Walimtoa ndani ya kiroba. Bodaboda hukata kona yetu bila kupunguza mwendo, mbwa hufunguliwa usiku, na wapo watu wanaomwona paka asiye na mwenyewe wakadhani ametumwa na mchawi. Paka mjanja angejua kukwepa. Sitara hukimbia hata nikifungua mwavuli.

Basi nikasema: yeye mwenyewe anaogopa, kwa hiyo amekwisha kuchagua. Hapo ndipo nilipojishtukia, maana sentensi ile niliifahamu. Mimi ni mtoto wa geti kali. Baba alinifungia kwa mapenzi ya kweli, na wageni walipouliza mbona sitoki kucheza, alijibu, "Huyu si mtu wa kutoka, mwoga sana." Alisema kweli. Ila hakujiuliza kama geti lilifungwa kwa sababu ya woga wangu, au woga wangu uliota kwa sababu ya geti.

John Stuart Mill, katika kitabu chake On Liberty cha mwaka 1859, anashikilia kwamba manufaa ya mtu mwenyewe hayatoshi kuwa sababu ya kumzuia. Sababu inayokubalika ni kuwakinga wengine na madhara. Lakini watoto aliwatoa katika kanuni hiyo, kwa kuwa bado wanahitaji kulindwa hata na matendo yao wenyewe. Paka yuko karibu na mtoto kuliko mtu mzima, tena ana makucha. Katika kisiwa cha Stephens huko New Zealand, paka waliofika na watu wa mnara wa taa mwishoni mwa karne ya 19 walichangia kumtokomeza ndege mdogo asiyeweza kuruka. Na mimi kuna chiriku wanaoshuka uani kwangu.

Kwa hiyo siwezi kudai kwamba Sitara ana haki ya kutoka kama niliyokuwa nayo mimi. Mimi nilikua, nikaelezwa, nikabishana na baba. Yeye sitaweza kumweleza sumu ni nini. Nimebaki kuwa mlezi wake, na swali la mlezi ni hili: ninamlinda yeye, au ninajilinda mimi?

Nilipolijibu bila kujidanganya, niliona haya. Akifa nje, kutakuwa na maiti, na majirani watajua ni mimi niliyefungua. Akiishi miaka kumi na mitano chumbani bila jua kumgusa mgongo, hakuna atakayekuja kunipa pole wala kunilaumu. Hasara ya ndani haina msiba, ndiyo maana ni rahisi kuichagua.

Nimempeleka kwa daktari wa mifugo, akachanjwa kichaa cha mbwa na kufungwa kizazi. Sasa kila saa kumi alasiri nafungua mlango wa uani, naweka kigoda kando na kusoma hapo. Simwiti wala simsukumi. Nisipokuwepo, mlango unafungwa.

Siku tatu hakusogea. Siku ya nne aliweka miguu miwili ya mbele kwenye mchanga, akaunyanyua mmoja na kuutazama kana kwamba umeungua. Bodaboda ikapita. Alirudi uvunguni kama mshale.

Nilifurahi. Kwa sekunde moja nilifurahi kwamba ameogopa, na nilimkumbuka baba, nikamwelewa kuliko nilivyopenda.

Mlango sikuufunga. Nilikaa pale mpaka adhana ya magharibi.