Mchukueni Marko, Mwende Naye

Ndugu zangu wazazi, nanyi walimu wa watoto wadogo, fungueni Matendo ya Mitume. Katika sura ya 13, Marko anatoka na Paulo na Barnaba kwenda kuhubiri. Walipofika Perge ya Pamfilia akawaacha, akarudi Yerusalemu. Safari ya pili ilipowadia, katika sura ya 15, Paulo akakataa katakata kwenda naye. Mitume wale wakashindana hata wakatengana. Lakini Barnaba hakumtupa Marko. Alimchukua, wakasafiri baharini hadi Kipro, akamrudisha kwenye kazi ileile iliyomshinda.

Sikieni: kazi ileile! Hakumwambia akae nyumbani apumzike, wala hakwenda kuifanya kwa niaba yake. Alikwenda naye.

Sasa tazameni nyumbani kwenu. Mtoto wa miaka minne anajimiminia maziwa, yanamwagika mezani. Mmoja wenu anafoka: "Huna macho?" Mwingine, kwa huruma, anampokonya jagi: "Lete nikufanyie." Wote wawili wamemfundisha kwamba hawezi! Mpeni kitambaa afute. Mrudishieni jagi likiwa na maziwa kidogo, alishike kwa mikono miwili, ainamishe polepole. Kaeni karibu, msimguse. Akifaulu, mtajieni kilichomfaulisha: "Umelishika vizuri kwa mikono miwili."

Nanyi walimu, mtoto akigeuza herufi, akaandika d penye b, msiishie kuweka alama ya kosa kwa wino mwekundu, wala msiache wenzake wamcheke. Mwonyesheni penseli inapoanzia, afute, aandike tena mbele yenu. Mtoto anayeogopa fimbo hasahihishi kosa, hulificha. Katika Wakolosai sura ya 3, akina baba wanaonywa wasiwachokoze watoto wao wakakata tamaa.

Na Marko je? Katika waraka wa pili kwa Timotheo, Paulo akiwa kifungoni anaomba aletewe Marko, kwa kuwa anamfaa katika utumishi. Yuleyule aliyemkataa! Na mapokeo ya kale ya Kanisa yanamtaja kuwa ndiye mwandishi wa Injili ya Marko.

Basi msingoje kesho. Kabla jua halijatua, mwiteni mtoto aliyefokewa asubuhi, mwombeni radhi, kisha mrudie pamoja kazi ile iliyomshinda. Akikosea tena, rudieni tena. Bwana awape subira. Amina.