Haki ya Mlango na Wajibu wa Jirani

Kila mwenye nyumba ana haki ya kufunga mlango wake. Hapana awezaye kumpokonya haki hiyo. Walakini haimpi ruhusa ya kumpiga mgeni aliyesimama kizingitini. Mataifa nayo yana milango, na mizozo ya biashara ya mifugo hupima namna yanavyoifunga.

Mwezi wa Oktoba, mwaka 2017, Tanzania ilikamata ng'ombe zaidi ya 1,300 wa wafugaji wa Kenya waliovuka mpaka kutafuta malisho, ikawanadi. Mwisho wa mwezi huo, huko Namanga, vifaranga 6,400 vilivyotoka Kenya viliteketezwa kwa moto vingali hai. Ilielezwa kwamba viliingizwa bila kibali, na kwamba vingeweza kuleta mafua ya ndege. Kenya ililalamika.

Tusifanye haraka kuhukumu. Maradhi ya mifugo hayajui mpaka. Banda moja lenye ugonjwa laweza kufukarisha wilaya nzima. Kenya yenyewe, mwezi wa Januari mwaka huo huo, ilipiga marufuku kuku wa Uganda kwa hofu ya mafua hayo hayo. Aliyefunga mlango wake jana hawezi kumlaumu mwenzake anayefunga leo. Tena, apitishaye bidhaa kwa njia za panya humkosea jirani kabla jirani hajamkosea.

Hata hivyo, sheria njema yaweza kutumiwa vibaya. Kifaranga hakuvunja sheria yoyote. Kosa lilikuwa la mtu, adhabu ikampata kiumbe asiye na ulimi. Ikiwa kuangamizwa kwake kulikuwa lazima, je, ilikuwa lazima pia ateseke? Na Mmasai, ambaye malisho ya jadi zake yalikatwa vipande viwili na mapatano ya Waingereza na Wajerumani ya mwaka 1886, hufuata mvua na nyasi kama walivyofuata babu zake. Kumtoza faini ni kumwonya; kunadi ng'ombe wake ni kunadi chakula cha watoto wake.

Nchi hazihami. Zikigombana leo, kesho zitaamka zikitazamana. Kwa hiyo mwenye haki hana budi kujiuliza maswali mawili: Je, nina ruhusa? Na je, baada ya kuitumia, jirani yangu atabaki jirani? Asiyejiuliza la pili hushinda kesi akapoteza mwenzake. Basi kabla ya mnada, na kabla ya moto, mjumbe na avuke mpaka.