Mizani ya Haki

SABATO MCHANA

Soma kwa ajili ya somo la juma hili: Walawi 19:35, 36, 2 Wafalme 20:1–7, Matendo 5:1–11, Mithali 11:1, 13, 2 Wakorintho 12:6–10, Waefeso 4:25.

Fungu la kukariri: Waefeso 4:25. Lisomeni pamoja kwa sauti, kisha kila mmoja aeleze kwa nini Paulo anaunganisha kusema kweli na kuwa viungo vya mwili mmoja.

Hebu tafakari kisa hiki. Dada mmoja, kiongozi wa Huduma za Afya katika kanisa lake, alikuwa na kilo 120. Magoti yalimuuma, shinikizo la damu lilikuwa juu, na kupanda ngazi za kanisa kulimtoa pumzi. Alikuwa amejaribu kila mlo aliousikia. Uzito ulishuka, kisha ukarudi na nyongeza. Hatimaye, wakati wa likizo, alisafiri mpaka mji mwingine, na madaktari wakampunguza mfuko wa tumbo kwa upasuaji. Waliojua ni mumewe na dada yake tu.

Baada ya mwaka mmoja na nusu alikuwa na kilo 84. Kanisa zima likashangaa. Akaombwa aanzishe kikundi cha kupunguza uzito, naye akakubali. Wanawake kumi na wanne na wanaume watatu wakawa wanakutana kila Jumapili jioni. Walipomwuliza siri yake, alijibu: "Maji, matembezi ya asubuhi, mboga, na maombi." Hakuna hata moja kati ya hayo manne lililokuwa uongo. Alikunywa maji, alitembea, alikula mboga, aliomba. Juma hili tutaona jinsi maneno ya kweli yanavyoweza kujenga uongo, na jinsi Mungu anavyomtoa mtu ndani yake.

JUMAPILI
Jiwe la Kupimia

Soma Walawi 19:35, 36 na Mithali 11:1. Kwa nini Mungu anajali hata mizani ya sokoni?

Katika masoko ya kale mfanyabiashara alibeba mawe ya kupimia mfukoni. Kumbukumbu la Torati 25:13 linakataza kuwa na mawe ya namna mbili, kubwa na dogo. Mnunuzi aliliona jiwe kwa macho yake, lakini hakuweza kujua uzito wake. Alilazimika kumwamini mwenye jiwe. Nafaka iliweza kuwa safi kabisa, na bado mnunuzi akaibiwa, kwa sababu kipimo ndicho kilichokuwa cha uongo.

Katika kikundi kile mizani ilikuwa nzima. Lakini jiwe la kupimia halikuwa ile mizani. Lilikuwa kiongozi mwenyewe. Kila mtu alijilinganisha naye. Mama mmoja muuza vitumbua, mwenye ugonjwa wa kisukari, alipungua kilo 3 kwa miezi miwili. Hayo ni maendeleo mema. Hata hivyo alirudi nyumbani kwa aibu, kwa maana alikuwa amesikia kwamba kiongozi alipungua kiasi hicho kwa majuma mawili.

Hakuna aliyemwambia kwamba baada ya upasuaji wa namna ile tumbo hupokea chakula kidogo tu, na kwamba njaa yenyewe hupungua, kwa kuwa sehemu iliyoondolewa ndiyo hutengeneza kwa wingi homoni inayoamsha hamu ya kula. Mama yule alikuwa akipigana na njaa nzima, huku akipimwa kwa mtu ambaye njaa yake ilikuwa imekatwa nusu.

Je, watu wanaokutazama wanatumia jiwe gani kujipima? Je, uzito wake ni wa kweli?

JUMATATU
Mkate wa Tini

Soma 2 Wafalme 20:1–7. Mungu alitumia njia gani kumponya Hezekia?

Mfalme aliomba kwa machozi. Bwana akamsikia, akamwahidi miaka 15 zaidi. Kisha Isaya akaagiza mkate wa tini uwekwe juu ya jipu. Mwandishi wa kitabu hiki hakuzificha tini ili muujiza uonekane mkubwa zaidi. Maombi yapo, machozi yapo, na dawa ipo. Vyote vimeandikwa mahali pamoja, na utukufu bado ni wa Mungu.

Hivyo ni lazima tuseme wazi: dada yule hakutenda dhambi kwa kufanyiwa upasuaji. Shirika la Afya Duniani linaeleza kwamba mwaka 2022 mtu 1 kati ya 8 duniani alikuwa na unene uliokithiri. Tatizo hili lina mizizi mingi: kurithi, homoni, baadhi ya dawa, vyakula vinavyouzwa kila kona, na pia mazoea yetu. Kwa baadhi ya watu wenye uzito mkubwa sana, hasa wenye kisukari au shinikizo la damu, madaktari hushauri upasuaji baada ya uchunguzi. Katika aina moja inayotumika sana, karibu robo tatu ya mfuko wa tumbo au zaidi huondolewa.

Wala si njia ya mkato. Kuna hatari ya kuvuja damu na ya mshono kuachia. Mgonjwa hula kidogo kidogo, humeza vitamini na madini maisha yake yote, na huhitaji kupimwa mara kwa mara. Akirudia mazoea ya zamani, uzito unaweza kurudi. Kwa hiyo maji na matembezi ya dada yule hayakuwa maigizo. Vilikuwa sehemu ya tiba yake. Kosa lilikuwa moja: alisimulia maombi na mboga, akaziondoa tini.

Je, kuna tiba ambazo kanisa lako huzihesabu kuwa upungufu wa imani? Wagonjwa wenu hufanya nini kwa sababu hiyo?

JUMANNE
Sehemu ya Thamani

Soma Matendo 5:1–11. Kwa mujibu wa aya ya 4, Anania alikuwa na uhuru gani?

Petro alimkumbusha Anania kwamba shamba lilikuwa lake, na hata baada ya kuliuza fedha zilikuwa mikononi mwake. Hakuna aliyemdai zote. Angeweza kuleta nusu na kusema, "Ndugu zangu, hii ni nusu," na kanisa lingeshukuru. Alichotaka ni sifa ya mtu aliyetoa vyote, kwa gharama ya mtu aliyetoa sehemu.

Angalia pia mahali alipotendea jambo hilo. Mwishoni mwa sura ya 4, Barnaba alikuwa ameuza shamba lake na kuleta fedha zote miguuni pa mitume. Waumini wakatiwa moyo. Anania alitaka kusimama pale aliposimama Barnaba.

Dada yule naye alileta sehemu ya habari. Kila Sabato ya afya aliposimama mbele na picha yake ya zamani, waumini walisema, "Tazama matunda ya kiasi!" Yeye hakusema neno hilo. Alilinyamazia tu. Lakini mtu anayenyamaza huku akipokea sifa asiyostahili amekwisha kulijibu swali.

Ni jambo gani ambalo watu wanalisifu kwako kwa sababu tu hujawasahihisha?

JUMATANO
Siri na Hila

Soma Mithali 11:13. Ni lini kutunza siri ni uaminifu?

Biblia humsifu mwenye roho ya uaminifu anayesitiri jambo. Mgonjwa halazimiki kutangaza ugonjwa wake. Hakuna mshiriki mwenye haki ya kudai karatasi za hospitali za mwenzake, na anayejua siri hiyo hana ruhusa ya kuitoa. Kama dada yule angekuwa mshiriki wa kawaida, akaketi kwenye benchi lake na kusema, "Namshukuru Mungu, nimetibiwa," isingekuwa kazi ya mtu kumchimba zaidi.

Lakini alikubali kuongoza. Aliwaambia watu, kwa maneno na kwa mwili wake, "Nifuateni, mtafika nilipofika." Hapo siri ikawa na mlipaji mwingine.

Mama muuza vitumbua alikuwa anatumia dawa za kushusha sukari. Aliona jinsi kiongozi anavyokula, vijiko vichache tu kwenye bakuli dogo, akaamua kumwiga. Hakumwuliza daktari, aliona mfano unatosha. Asubuhi moja sukari ilishuka mno, akaanguka karibu na jiko lenye mafuta ya moto. Mafuta hayakummwagikia, ila majirani ndio waliombeba.

Kiongozi alipokwenda kumjulia hali, mama yule alimshika mkono akamwambia, "Mwanangu, wewe Mungu alikujalia. Mimi nadhani imani yangu haitoshi."

Dada yule alirudi nyumbani bila kula. Aligundua kwamba ukimya wake haukumdanganya mama yule kuhusu tumbo tu. Ulikuwa umemdanganya kuhusu Mungu.

Je, tunawezaje kutofautisha siri inayomlinda mtu na siri inayomwumiza jirani?

ALHAMISI
Mtu Asinidhanie Zaidi

Soma 2 Wakorintho 12:6–10. Kwa nini Paulo anajizuia asijisifu?

Paulo alikuwa na mambo ya kweli ya kujisifia. Hata hivyo aliogopa watu wasije wakamwona kuwa zaidi ya kile walichokiona na kukisikia kwake. Ndipo akawaambia habari za mwiba. Aliueleza udhaifu wake kwa hiari, kwa kuwa pale udhaifu ulipoonekana, neema nayo ilionekana.

Dada yule alimwendea kwanza mchungaji wake, akamweleza yote, na kumwuliza kama inatosha kujiuzulu kimya kimya. Mchungaji alimjibu, "Dada yangu, ukiondoka kimya, jiwe la uongo litabaki mezani."

Jumapili iliyofuata, kabla ya kwenda kwenye kikundi, alipita kwanza kwa mama yule. "Mama, nisamehe," alimwambia. "Mimi nilipasuliwa tumbo. Nilichokula mbele yako ndicho kinachoingia. Hukupungukiwa imani, ulipungukiwa habari, na mimi ndiye niliyekunyima." Kisha akaenda kuyarudia hayo mbele ya kikundi, na kuwasihi wote wenye kutumia dawa wasibadili mlo bila kumwona daktari.

Si wote walipokea vema. Wawili hawakurudi tena. Mmoja alisema kwa hasira kwamba amejitesa mwaka mzima kwa bure. Kaka mmoja, mnene kuliko wote, alisubiri wengine watoke, akauliza kwa sauti ya chini ni daktari wa namna gani anapaswa kumwona. Mama muuza vitumbua hakuonekana kwa majuma matatu. La nne alikuja na daftari lenye maelekezo ya mtaalamu wa lishe wa kliniki. Alipanda mizani: alikuwa amepungua nusu kilo. Safari hii alimwambia kila mtu.

Kutubu hakukurudisha kila kitu. Kulirudisha mizani ya haki, na juu ya mizani hiyo hata nusu kilo ina thamani.

IJUMAA
Jifunze Zaidi

Juni 1863, majuma machache baada ya Konferensi Kuu kuundwa, Ellen G. White alipewa nuru juu ya matengenezo ya afya. Kwa miaka mingi aliifundisha. Lakini hakujifanya kuwa alifika siku moja. Aliandika waziwazi kwamba baada ya nuru hiyo kulikuwa na nyakati, hasa safarini alipokosa chakula kingine, alipokula nyama kidogo. Na kwamba aliiondoa kabisa mezani pake baada ya makambi ya Brighton, Australia, Januari 1894. Angeweza kuyaacha hayo bila kuandikwa. Katika kitabu chake cha mwaka 1905 juu ya huduma ya uponyaji, alizitaja dawa za asili: hewa safi, mwanga wa jua, kiasi, pumziko, mazoezi, lishe bora, maji, na tumaini katika uwezo wa Mungu. Katika kitabu hichohicho alifundisha kwamba mtu anayeombea uponyaji hakani imani yake anapotumia njia za tiba zilizopo. Wanafunzi wa ujumbe wa afya hawana sababu ya kuzificha tini.

Maswali ya kujadili:

1. Waefeso 4:25 linasema sisi ni viungo, kila mmoja kwa mwenzake. Ni kiungo gani kilichoumia katika kisa hiki, na kwa nini aliyejeruhi hakuhisi mapema?

2. Dada yule aliogopa nini kwa kanisa lake? Je, darasa lenu lingempokeaje? Semeni kweli.

3. Kiongozi wa Huduma za Afya aseme nini, na anyamazie nini, kuhusu matibabu yake mwenyewe? Pendekezeni maneno halisi anayoweza kutumia.

4. Ushuhuda gani mwingine kanisani huwa na sehemu iliyoachwa, kama vile wa ndoa, biashara, au malezi ya watoto? Ni nani huumia anaposikia nusu tu?

5. Kabla ya kufunga kwa maombi, kila mmoja atafakari kimya: je, liko jiwe mfukoni mwangu ambalo uzito wake naujua mimi peke yangu?