Kuwasaidia Wakimbizi wa Sudan: Nini cha Kutoa, na Vipi Kifike

 

Ndugu zetu Waislamu, khabari za Sudan zimewafikia wote.  Vita vile viliwaka tarehe 15 Aprili 2023, katika kumi la mwisho la Ramadhani ya mwaka 1444, baina ya jeshi la nchi na kikosi ambacho serikali yenyewe ilikilea. Mji wa Khartoum ukahamwa watu wakiwa wamefunga. Katika Darfur, watu wa El Geneina walitoka kwa miguu kwenda Adré, mji wa mpakani wa nchi ya Chad, mwendo wa kiasi ya kilomita 30, na wengi wakauawa njiani. Waliofika, aghalabu yao walikuwa wanawake na watoto. Hata ilipofika kati ya mwaka 2025, waliovuka mipaka ya Sudan walizidi milioni 4, na katika hao zaidi ya laki 8 waliingia Chad, nchi ambayo yenyewe ni masikini na haina pwani.

Watu hawa hawakuwa omba-omba. Walikuwamo waalimu, matabibu, wenye maduka, na watu wa chuoni waliosoma kuliko sisi. Asubuhi mtu ana nyumba na ufunguo, jioni ana ufunguo tu.

Basi inafaa tuikumbuke hadithi aliyoipokea Muslim katika Sahihi yake kwa Jarir bin Abdallah (r.a.). Amesimulia kwamba walikuwa kwa Mtume (s.a.w.) mwanzo wa mchana, wakaja watu wa kabila la Mudhar, miguu mitupu, miili karibu na uchi, wamejitanda vipande vya sufi vyenye mistari. Mtume alipouona ufukara wao uso wake ulibadilika. Akaingia ndani, kisha akatoka, akamwamuru Bilali aadhini, akasalisha, akasimama kukhutubu. Akawahimiza watu watoe: mwenye dinari dinari yake, mwenye dirhamu dirhamu yake, na mwenye nguo, na mwenye pishi ya ngano au ya tende, hata akafikia kutaja nusu ya kokwa ya tende. Hapo akaja mtu mmoja wa Ansari na mfuko ambao mkono wake ulikaribia kushindwa nao, bali ulishindwa. Watu wakafuatana nyuma yake mpaka Jarir akaona mafungu mawili, moja la chakula na moja la nguo, na uso wa Mtume ukang'ara kama uliotiwa dhahabu. Ndipo aliposema kuwa mwenye kuanza mwendo mwema katika Uislamu ana malipo yake na mfano wa malipo ya wanaomfuata.

Nasimama hapa kidogo, kwani neno hili la mwisho limechukuliwa na baadhi ya watu likafanywa hoja ya kila jambo lililozushwa katika dini. Hadithi imekuja juu ya sadaka. Yule Ansari hakuzua ibada mpya. Sadaka ilikuwapo, yeye alitangulia tu kuinuka wenzake walipokuwa wangali wakitazamana. Anayetaka kuitumia hadithi hii, na ainuke na mfuko.

Tazameni pia mpango wa jambo lenyewe. Mtume hakutosheka na kuwaombea dua watu wa Mudhar, wala hakuwaachia watu watoe kila mmoja kwa siri yake na njia yake. Aliwakusanya kwa adhana, vitu vikakusanywa mahali pamoja, vikapangwa kwa jinsi yake, chakula kando na nguo kando.

Sasa nije kwetu. Tangu tulipotangaza msikitini kwamba tunakusanya vitu vya wakimbizi, watu wameitika, na Mungu awalipe. Lakini lazima niseme nililoliona ghalani kwa macho yangu. Katika magunia tuliyofungua mlikuwa na kiatu cha mguu mmoja kisicho mwenzake. Mlikuwa na suruali iliyopasuka, mashuka yenye madoa, sufuria iliyotoboka, na dawa za kikohozi zilizopitwa na wakati wake miaka miwili. Mlikuwa na nguo ya harusi yenye shanga. Vijana walicheka, mimi sikucheka. Katika Suratul Baqara, aya ya 267, Mwenyezi Mungu ametukataza kukusudia kilicho kibaya katika mali yetu tukakitoa, ilhali sisi wenyewe tungepewa tusingekipokea ila kwa kufumba macho. Wanavyuoni wa tafsiri wametaja kuwa iliteremka kwa sababu ya watu waliokuwa wakitundika msikitini vichala vya tende mbovu ili mafakiri wale. Hao walikuwa na tende, sisi tuna mitumba. Kitendo ni kimoja.

Kumwaga taka za nyumba yako si sadaka, ndugu yangu. Ni kufagia. Na taka hiyo ina gharama, kwani kila gunia linalipiwa hamali, ghala, meli, forodha, na lori upande wa pili. Kiatu kile cha mguu mmoja kikisafiri mpaka Port Sudan, kimekula nafasi ya kilo kadhaa za mtama katika kontena.

Dawa ni jambo zito zaidi. Shirika la Afya la Ulimwengu limeweka kanuni kwamba dawa ya msaada, ifikapo nchi inayopelekwa, iwe imebakiwa na muda usiopungua mwaka mmoja kabla ya kuharibika. Mafungu ya vidonge vilivyobaki kwa mgonjwa wenu hayafai. Na maziwa ya unga ya watoto wachanga, ambayo akina mama wengi wametuletea kwa huruma, watu wa afya wanatukataza kuyapeleka: penye maji machafu na pasipo kuni za kuchemshia, chupa ile humuua mtoto kwa kuharisha. Anayetaka kumsaidia mtoto na amlishe mamake.

Vinavyofaa ni vitu vichache: mashuka na mablanketi mazima, kanga na vitenge, sabuni, vyandarua, sufuria kubwa, madumu ya maji yenye vifuniko. Tena nataja jambo ambalo wanaume huona haya kulitaja, nalo limo katika kila kitabu cha fiqhi tulichosomeshwa: wanawake wale wana hedhi kama wanawake wetu, na walitoka majumbani mwao bila ya kitu. Vitambaa safi vilivyoshonwa vizuri ni sitara. Wanawake wa mtaa wamejitolea kuvishona, na majora ya nguo yanahitajika.

Lakini kilicho bora kuliko vyote hivyo, mara nyingi, ni pesa. Najua hapa wengi watanuna. Mtu hupenda aone gunia lake likipakiwa. Shilingi haina picha. Lakini Adré haina bandari. Kontena la kwenda huko lateremka Douala katika Cameroon, kisha lapita nchi kavu kuvuka Chad nzima mpaka mashariki yake, na mvua zikinyesha mito huzikata njia. Mtama ukinunuliwa sokoni karibu na kambi hufika kabla gunia lako halijatoka Mombasa. Na ndani ya Sudan watu wenyewe wamefufua matakia, yaani majiko ya jumuiya, ambapo vijana wa mtaa hupika fuli na adesi katika masufuria makubwa na kuwagawia majirani, wakati mwingine risasi zikipita. Jiko kama hilo lataka fedha ya maharagwe na ya kuni, halitaki nguo ya harusi.

Na asidhani mtu kuwa kutazama kinachofaa ni uzushi wa watu wa leo. Bukhari ametaja katika mlango wa zaka kuwa Muadh (r.a.) aliwataka watu wa Yemen wampe nguo mahali pa shairi na mtama, kwa kuwa ni nyepesi kwao na ni bora kwa sahaba waliokuwa Madina. Wanavyuoni wetu wa Kishafii wameijibu kwa kusema huenda ile ilikuwa ni kodi wala si zaka, na mimi siwapingi hapa. Ninalolitaka ni ile akili ya Muadh, aliyefikiri uzito wa mzigo na haja ya mpokeaji kwa pamoja. Na katika Mwaka wa Ramada, mwaka wa 18 wa Hijra, njaa ilipoipiga Hijazi, Seyyidna Umar (r.a.) aliwaandikia maliwali wake, na Amr bin al-As akaleta chakula kutoka Misri kwa nchi kavu na kwa bahari. Mfereji ulichimbuliwa kutoka Nili hadi Bahari ya Sham, vyombo vikateremsha shehena katika bandari ya al-Jar. Imepokewa kuwa Umar alijinyima samli mpaka watu waipate, na kwamba alionekana amebeba magunia mgongoni mwake. Huyu ni Khalifa. Sisi tuna watu wenye heshima zao wasiotaka kuonekana na vumbi la ghala kwenye kanzu.

Wako wasemao: na masikini wetu je? Mombasa, Lamu na Malindi hakuna wenye njaa? Wapo, na haki yao haiondoki. Zaka yenyewe, katika madhehebu yetu ya Shafii, kauli yenye nguvu ni kuwa haihamishwi mji wenye wanaostahiki. Ingawa Ibn Ujayl wa Yemen alilihesabu jambo hili katika mambo matatu ya zaka yanayotolewa fatwa kinyume na madhehebu, na Mahanafi wameruhusu ipelekwe kwa wenye haja zaidi. Mwenye kutaka salama na aigawe zaka yake hapa, na Sudan aipelekee sadaka, ambayo haina mpaka. Ila nimechunguza nikaona kuwa aulizaye sana juu ya masikini wa hapa, mara nyingi si yule awapaye. Gharama ya usiku mmoja wa harusi katika mitaa yetu, au ya pilau ya hitima iliwayo na walioshiba, ingetosha masikini wa mtaa na ikabaki ya mkimbizi.

Tena sisi si wageni wa jambo hili. Mwaka 1991, Somalia ilipovunjika, Wabarawa na Wabajuni waliingia Mombasa kwa vyombo vilivyofurika watu. Wazee wetu waliwafungulia milango kabla kambi hazijasimama, wakawapa chai na nguo, na hawakumwuliza mtu kabila lake wala ada ya nyumba. Watoto waliobebwa katika vyombo vile leo ni watu wazima, na baadhi yao ndio wanaofunga magunia pamoja nasi.

Kuhusu kujitolea kwenyewe, nasema ni katika faradhi za kutoshelezana: wakiisimamia wachache wanaotosha, wengine huokoka, wakiiacha wote, wote wana dhambi kwa kadiri ya uwezo wao. Hivi sasa ghala lina vijana tisa, na kazi yataka thelathini. Twahitaji mwenye kujua forodha, twahitaji karani wa kuandika kila kiingiacho na kitokacho. Na kila aingiaye ghalani ajue kwamba shuka lile si lake, wala hachukui hata kanga moja kwa kuwa amechoka. Mtume (s.a.w.) alimkasirikia Ibn al-Lutbiyya aliporudi na zaka akasema hiki chenu na hiki nimezawadiwa, akauliza kama angekaa nyumbani kwa wazazi wake angeletewa zawadi ile. Hesabu zitabandikwa ukutani mwa msikiti kila Ijumaa, pamoja na malipo ya wakala wa meli, ili asiyeamini asome.

Limebaki suala la vitu visivyofaa ambavyo tayari viko ghalani. Baadhi ya vijana wametaka viuzwe na fedha yake ipelekwe. Rai ni nzuri, lakini sisi ni mawakili, na wakili hageuzi alichopewa ila kwa idhini ya mwenyewe. Kwa hivyo kuanzia juma hili, apokeaye mzigo mlangoni atamwuliza mwenye kuleta: watupa ruhusa tuuze kisichosafirika? Akikubali, iandikwe mbele ya jina lake. Akikataa, afunguliwe mzigo wake papo hapo, kifaacho kipokewe na kisichofaa arudishiwe kwa maneno mazuri. Na waliokwisha kuleta kabla ya tangazo hili, waje baada ya sala ya alasiri watujibu.