Ilimu Haina Nasaba

Wengi wetu tuletewapo neno, huuliza kwanza: "Nani aliyelisema?" Ama swali la pili, "Je, ni kweli?", mara nyingi hatulifikii kabisa. Kwa hivyo tumeona ni wajibu kuwakumbusha ndugu zetu kisa kimoja cha tarikhi, wakijuao ni wachache, ili tupime nafsi zetu kwacho.

Mwaka 1706, katika mji wa Boston ulioko Marekani, wafuasi wa kanisa moja walimnunulia padri wao, Cotton Mather, mtumwa wa Kiafrika. Padri akampa jina la Onesimus; jina alilopewa na wazazi wake halikuhifadhiwa. Siku moja padri alimuuliza kama amepata kuugua ndui. Akajibu kuwa ameugua na hakuugua: kwao huchukuliwa usaha wa mgonjwa, mtu mzima akachanjwa chale, ukatiwa humo, huugua kidogo, kisha ndui haimrudii tena. Akamwonyesha na kovu lake mkononi. Na desturi hiyo ilikuwa ikijulikana Istanbul pia, na khabari zake zilikuwa zimekwisha kufika London.

Mwaka 1721 ndui iliingia Boston. Mji ulikuwa na watu kiasi cha 11,000. Karibu 5,900 wakaugua, na 844 wakafa. Padri aliwasihi matabibu wajaribu kuchanja. Akakubali mmoja tu, Zabdiel Boylston, naye akaanza na mwanawe mwenyewe wa miaka sita. Wengine walikasirika. Wako waliocheka kwamba ushahidi wa Waafrika waweza kusikilizwa katika jambo la utabibu. Na Novemba mwaka huo nyumba ya padri ikatupiwa bomu, lisipasuke. Boylston hakutukana mtu, alihesabu. Aliwachanja watu zaidi ya 240, wakafa sita. Katika kila mia waliougua bila ya kuchanjwa walikufa 14. Katika kila mia waliochanjwa hawakufika watatu.

Basi twajiuliza: ni wangapi waliokufa kwa ndui, na ni wangapi waliokufa kwa kibri? Mtume wetu (S.A.W.) ametufundisha kuwa kibri ni kuikataa haki na kuwadharau watu. Watu wale walikusanya yote mawili. Wala padri mwenyewe hakusalimika: aliipokea ilimu ya Onesimus, na mwenye ilimu akamweka katika mali yake. Kuikubali haki na kumdhulumu aliyeileta ni nusu ya uadilifu, na nusu ya uadilifu ni dhuluma.

Huenda mtu akasema: "Je, tumwamini kila asemaye?" La, hatusemi hivyo. Twasema mnyonge apimwe kwa mizani ile ile apimwayo mkubwa: alete hoja, naye mkubwa alete hoja.

Na tusidhani kuwa maradhi haya ni ya Boston peke yake. Katika mabaraza yetu, kijana asiyejulikana ukoo wake akinena neno la maana, huambiwa: "Na wewe ni mwana wa nani?" Akinyamaza, twadhani tumemshinda, kumbe tumejinyima wenyewe. Iblis naye alijitetea kwa asili yake, na twajua mwisho wake. Bilal alipanda kuadhini, na mabwana wa Makka wakabaki chini wakisikiliza.

Mtu wa mwisho kuugua ndui kwa njia ya kawaida alipatikana Merka, katika pwani ya Somalia, mwaka 1977; na mwaka 1980 ulimwengu ukatangaziwa kuwa maradhi hayo yametoweka. Kila asiyeugua ndui leo ana deni kwa watu wengi, na miongoni mwao yumo mtumwa ambaye jina lake la asili hatulijui.

Mwenyezi Mungu atujaalie kuifuata haki, yeyote aliyekuja nayo. Amin.