Kwaherini mliotolewa kwa vizibo

Malaika umetolewa raundi ya kwanza. Narudia kwa faida ya wanaosoma gazeti huku jicho moja liko kwenye chapati: Malaika, wimbo ambao Miriam Makeba aliutembeza duniani, wimbo ambao mpaka leo watu wanabishana nani hasa aliutunga, umefungasha virago katika baa moja ya Temeke baada ya kuzidiwa vizibo na Karubandika ya Orchestra Maquis.

Mwenye baa ameanzisha mashindano ya zilipendwa. Nyimbo 32, mtoano, zinapangwa mbilimbili kwa droo. DJ anapiga nusu dakika ya wimbo wa kwanza, nusu dakika ya wa pili, kisha wahudumu wanapita na ndoo mbili na kila mteja anatumbukiza kizibo cha chupa aliyomaliza. Kizibo kimoja, kura moja. Maji hayahesabiwi. Maana yake mwenye kiu ana sauti kuliko mwenye masikio, na nimemwona fundi magari mmoja akipiga kura saba peke yake bila msimamizi yeyote kuguna.

Sina ugomvi na vizibo. Enzi za Radio Tanzania kadi za salamu tulikuwa tunazinunua vilevile, na mwenye hela ya kadi nyingi ndiye jina lake lilisikika kuanzia Kigoma mpaka Mtwara. Ugomvi wangu ni mwingine, nitaufikia. Kwanza tuwaage marehemu, maana hakuna aliyewaaga.

Kwaheri, Malaika. Umeimbwa kwenye majukwaa makubwa ya Ulaya na Marekani; utavumilia kushindwa Temeke. Kwaheri, Jambo Bwana wa Them Mushrooms. Boney M walikuchukua mwaka 1983 wakakupeleka Ulaya, Mombasa nzima imekutumia kupokea wageni, lakini usiku ule hapakuwa na mtalii hata mmoja mwenye kizibo. Kwaheri, Mary Maria wa Hemed Maneti na Vijana Jazz, uliyekutana na Kasongo wa Super Mazembe wakati mbaya kabisa, tangu vijana wa Kenya wampachike Rais Ruto jina hilo. Siku hizi Kasongo akianza tu, watu wanacheka kabla hawajacheza. Utashindana vipi na kicheko?

Kwaheri, Shida. Wewe ulionewa. Mbaraka Mwinshehe, mtu aliyekwenda na Morogoro Jazz kupiga gitaa kwenye maonyesho ya Osaka, Japani, mwaka 1970, anapangwa raundi ya kwanza na Sina Makosa ya Les Wanyika! Droo gani hiyo? Mmoja alikuwa lazima afe, na Sina Makosa hafi, kwa sababu gitaa lake likilia mara moja tu, hata mpishi anatoka jikoni na mwiko mkononi.

Na Kifo nacho kimekufa. Wimbo wa Dk. Remmy Ongala, aliyemkabili kifo ana kwa ana na kumuuliza maswali ambayo wengi wetu huyaogopa, umetolewa raundi ya pili. Nilitaka kucheka, nikakumbuka kwamba Remmy mwenyewe tulimzika Desemba 2010, nikaagiza soda. Sikuitumia kupigia kura.

Sasa ugomvi wangu. Ni ile nusu dakika.

Wimbo wa dansi haukutengenezwa uonjwe. Sikiliza walivyokuwa wanaupanga. Magitaa yanafungua mlango, taratibu, bila pupa. Mwimbaji anaingia na kisa chake: mume kafanya hivi, mama kaandika barua, rafiki kageuka. Waitikiaji wanamjibu. Tarumbeta na saksafoni zinasema yao. Kisa kikishaeleweka ndipo mambo yanapochemka, besi inabadilika, mpiga solo anaachiwa uwanja, na waliokuwa wamekaa wanasimama. Kuna nyimbo ambazo utamu wake wote uko dakika ya tano. Hata wafanyabiashara wa santuri wa Nairobi, watu waliopenda pesa kuliko muziki, walijua hivyo: santuri ndogo ikishindwa kuubeba wimbo wote, waliukata vipande viwili, upande wa kwanza na wa pili, na wewe nyumbani ukainuka kuigeuza. Hakuna aliyelalamika kuinuka.

Ukichukua nusu dakika ya kwanza ya muziki wa namna hiyo ukaiita mashindano, unashindanisha milango tu. Nyumba hujaingia.

Nina ushahidi. Usiku wa raundi ya pili ilikuwa zamu ya Neema, wimbo wa Cosmas Chidumule akiwa na DDC Mlimani Park, yaani Sikinde, kabla hajageukia injili. Nusu dakika ikaisha, wahudumu wakapita, Neema ikaambulia vizibo vya kuhesabika kwa vidole. Imetoka. Lakini DJ alikuwa ameshatoka nje kufuata mishikaki, hakuna wa kuuzima, wimbo ukaendelea. Meza ya vijana jirani yangu, ambao vizibo vyao vyote vilikuwa vimeangukia ndoo nyingine, ikapunguza maneno kidogo kidogo. Magitaa yaliposhika, mmoja akaanza kupiga meza kwa vidole. Mwishoni akanigeukia. “Mzee, shikamoo. Hawa ni kina nani?” Nikamwambia ni Sikinde. “Tunaweza kubadilisha kura?” Haikuwezekana. Ndoo zilikuwa zimeshamwagwa.

Najua nitakachoambiwa. Utaniambia: wewe mzee unanuna kwa mchezo wa baa, na hata hivyo wimbo mzuri unajulikana tangu mwanzo. Hilo la pili si kweli. Kinachojulikana tangu mwanzo ni wimbo uliozoeleka. Karubandika, Kasongo, Sina Makosa: nazipenda zote na nimezicheza zote, ila ushindi wao ni wa kutambuliwa. Kila harusi, kila kipaimara, kila sherehe ya kumuaga mstaafu, zipo. Nusu dakika inawatosha kwa sababu dakika zilizobaki tunazo kichwani. Georgina wa Marijani Rajab na Safari Trippers hana bahati hiyo kwa kijana wa miaka 22. Yeye anahitaji kusikilizwa kisa chake, na Marijani, Jabali la Muziki, hakuwa mtu wa kusimulia kisa kwa sekunde 30.

Utasema pia kwamba vijana wa leo hawana subira, simu zimewaharibu. Sikubali. Meza ile ilisikiliza wimbo mzima bila kulazimishwa na mtu. Kilichohitajika ni DJ kuwa na njaa. Sisi watu wazima ndio tunaoamua kwa niaba yao kwamba hawawezi, tunawakatia muziki vipande, kisha tunawalaumu kwa kumeza vipande. Redio zinafanya hivyohivyo. Mtangazaji anaingilia katikati ya wimbo wa Sikinde kututajia mdhamini wa kipindi, wakati ndiyo kwanza mume wa kwenye kisa anagonga mlango. Miaka yangu yote sijui mume huyo alifunguliwa au la.

Fainali ni Jumamosi. Sina Makosa watachukua, na wanastahili. Wanamuziki wale wengi wao walikuwa Watanzania waliohamia Nairobi, kwa hiyo kombe litabaki nyumbani hata Wakenya wakilidai. Lakini kwako mwenye baa, kaka yangu, msimu ujao punguza nyimbo ziwe nane badala ya 32. Zipigwe nzima, kuanzia gitaa la kwanza hadi la mwisho. Hutapata hasara: wimbo wa dakika nane unamaliza chupa nyingi kuliko wa nusu dakika.