Vazi la Mhusika na Nafsi ya Mvaaji

Carl Johnson, mhusika mkuu wa mchezo wa video Grand Theft Auto: San Andreas uliotolewa mwaka 2004, huanza safari yake akiwa na vesti nyeupe na suruali ya jinzi. Mavazi anayoyanunua baadaye huweza kumwongezea heshima, nayo heshima hiyo hupimwa na mashine. Katika mitaa ya Eastlands, jijini Nairobi, mavazi ya namna hiyo hupatikana kwa urahisi katika soko la mitumba la Gikomba.

Mhakiki mwenye haraka atasema kwamba kijana wa Dandora au Kayole ayavaaye ni mwigaji mtupu. Hoja hiyo ni nyepesi. Mchezo wenyewe uliiga mavazi ya vijana weusi wa Los Angeles ya mwaka 1992, na sehemu ya mitumba hutoka Marekani. Huenda basi mvaaji wa Dandora ndiye mwenye vazi halisi, na mhusika ana nakala!

Swali zito ni la usomaji. Vazi ni ishara, na ishara humhitaji msomaji. Usiku, msomaji huyo huweza kuwa askari, naye akaisoma suruali iliyolegea kama ungamo la uhalifu. Mhusika akipigwa risasi huamkia hospitalini, akaendelea na mchezo. Kijana hana hospitali ya aina hiyo. Kumlaumu kwa kuiga ni kumtwika mvaaji kosa la msomaji. Mama amwambiaye mwanawe abadilishe nguo kabla ya kutoka hatetei mila yoyote. Anamhariri mwanawe asije akasomwa vibaya.